Karoti ya Kuonja

Kitinda mimba wangu aliniambia hivi: "Mama, njoo ule kazini kwangu, mgahawani ninakopika, halafu useme ukweli. Ukiona ni maringo matupu, naacha. Narudi kukusaidia shuleni."

Nami nilimtaka arudi, sifichi. Miaka ishirini na sita napikia shule ya bweni, wanafunzi mia nne, na mgongo umeshaanza kunigomea. Nilienda mchana, jibu nikiwa nimeliandaa tangu nyumbani.

Mhudumu akaniwekea sahani pana kama sinia. Katikati kulikuwa na kipande kimoja cha karoti, kidole gumba kinakishinda, vumbi jeusi juu yake, na mchuzi wa tone moja. Nikaelewa: mwanangu ananiletea nionje kabla hajapakua. Sisi wapishi ndivyo tunavyofanya. Nikakimimina kiganjani pamoja na mchuzi wake, nikatia mdomoni, nikalamba kiganja. Meza ya jirani wakageuka kunitazama.

"Haya," nikamwambia mhudumu. "Sasa lete chakula."

"Mama, hicho ndicho chakula."

Nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa na shughuli. Karoti nimezichemsha magunia kwa magunia, na sikuwahi kujua kwamba zina utamu mwingine unaokuja nyuma, baada ya kumeza. Nikaomba niitiwe mpishi.

Mwanangu akaja anafuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Hii umeifanyaje?"

"Nimeipika masaa sita, moto mdogo, kwenye maji ya karoti nyingine."

"Masaa sita, karoti moja! Una wazimu wewe. Na hayo maji unakamua na nini? Maganda unatupa?"

"Natupa wapi? Nimeyakausha motoni hadi yakawa meusi, nikayasaga. Ndiyo ule unga mweusi juu."

Kumbe! Mimi nilidhani masizi. Nikauliza la moto, nikauliza la sufuria, nikauliza hadi kisu, mhudumu wa watu amesimama tu.

Mwishowe mwanangu akauliza kwa sauti ndogo, "Basi Mama, ni maringo?"

Maringo yapo, nani abishe? Sahani yote ile! Na neno moja tu lingemrudisha kwangu. Lilishafika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza, na kulimeza kuliniuma.

"Rudi jikoni," nikamwambia.

Uso ukamshuka. "Jikoni kwako?"

"Kwako, mwanangu. Chumvi imepungua."