Karibu Kileleni

Mapatano yenyewe yalikuwa sentensi moja, na kwa kuwa mama ndiye aliyeitunga, hayakuwa na kosa la sarufi: akifika kileleni kwa miguu yake mwenyewe, mwanawe hatataja tena habari ya kumhamisha, asipofika, atahamia kwa mwanawe kabla ya mwezi kwisha. Mwanawe, Fundi, aliisoma mara mbili akitafuta mwanya. Hakuuona. Mama alikuwa amefanya kazi ya usahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule kwa miaka thelathini na mmoja, na kuziba mianya ndiko kulikomlisha.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa na aliishi ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa lifti. Majirani waliliona jambo hilo kuwa kichekesho. Yeye, baada ya miaka kumi na sita ya kulisikia, hakuliona hivyo. Siku za kazi alikarabati mashine zilizobuniwa ili watu wazima wasipande ngazi, na kila Jumapili alipanda ngazi themanini na nane kwenda kumwamkia mama yake, akafika mlangoni akihema, akaulizwa kama anaumwa.

Miezi mitatu kabla ya safari hii mama aliteleza ngazini akiwa na mfuko wa vitunguu. Vitunguu vilifika chini kabla yake. Hakuvunjika kitu, alipata alama nyeusi pajani na, lililo baya zaidi, mwana mwenye hoja. Fundi aliandaa chumba cha chini nyumbani kwake, akafunga vyuma vya kushikilia bafuni, akaanza kuzungumza kwa ile sauti ya upole ambayo watu huwawekea wagonjwa na wateja. Mama alivitazama vile vyuma, akauliza ni ng'ombe wangapi wanatarajiwa.

"Chagua mlima wowote ule," akasema hatimaye.

Mtoto mwema angechagua kilima. Fundi alichagua mlima huu kwa sababu mwenzake wa kazini aliyewahi kuupanda alirudi akitembea kiubavu kama kaa. Hakutambua kwamba hesabu hiyo ilimhusu na yeye. Kwa majuma sita mama alipanda na kushuka ngazi zake mara tatu kila asubuhi, kamusi mbili zikiwa ndani ya mkoba mgongoni. Fundi, katika muda huohuo, alinunua viatu.

"Nani anamsindikiza mwenzake?" mlinzi wa lango aliuliza walipofika chini ya mlima, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Ndilo tunalokwenda kuamua," mama alijibu.

"Basi fuateni vibao. Ukungu ukishuka, msiyaamini macho. Aminini vibao."

Mama aliahidi. Kwake ilikuwa ahadi nyepesi. Hakuwahi kuyaamini macho kuliko maandishi.

Saa ya kwanza njia ilipita msituni, juu ya mizizi iliyopangika kama ngazi zilizojengwa na mtu mwenye kinyongo. Mama alikwenda kwa mwendo mmoja, usioongezeka wala kupungua. Fundi alikwenda kwa mtindo wa vijana wenye umri wa miaka arobaini: alikimbilia mbele, akaketi juu ya jiwe, akamngojea mama yake kwa subira iliyokusudiwa kuonekana, kisha akaachwa nyuma akifunga kamba za viatu.

"Unajisikiaje, Mama?"

"Vizuri."

Baada ya robo saa: "Moyo hauendi mbio?"

"Unakwenda unakotakiwa."

"Si vibaya kupumzika. Hatukimbizwi."

"Baba, ukiniuliza tena nitakujibu kwa maandishi."

Alipoitwa "baba" kwa sauti ile, Fundi alijua kwamba amegusa mpaka.

Penye kijito palikuwa na kibao: USITUPE TAKA TAKA. Mama akasimama kwa mara ya kwanza tangu langoni, na uso wa Fundi ukachangamka.

"Umechoka?"

"'Takataka' ni neno moja," mama alisema, akavuka kijito.

Saa ya tatu msitu ulikwisha na changarawe zikaanza. Ukipiga hatua mbili kwenda juu, moja ilirudishwa. Goti la kulia la Fundi, ambalo kwa miaka kumi na sita lilikuwa limepigwa kwenye sakafu za vyumba vya mitambo, lilianza kutoa maoni. Kufikia saa ya nne maoni yalikuwa yamegeuka maandamano. Alijaribu kulificha. Alisimama kila baada ya hatua kumi akisema kwamba anatazama mandhari, ingawa ukungu ulikuwa umeshuka na mandhari yote iliyobaki ni kisogo cha mama yake.

Mama aliona, bila shaka. Ipo methali ya mtu asiyesikia na lile guu lake, ambayo kila mzazi huiweka tayari mdomoni. Mama hakuitoa. Alilitazama goti, akatazama mbele, akaendelea kupanda. Fundi angependelea methali.

"Sema tu," akasema.

"Niseme nini?"

"Hilo unalotaka kusema."

"Sina. Wahenga walishasema, nami sirudii kazi ya watu."

Walikikuta kibao kwenye bapa la mwamba lenye upana wa sebule. Kiliandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, mkono uliotulia: KARIBU KILELENI. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukungu.

Fundi aliketi pale alipokuwa, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama ubao. "Tumefika?"

Mama alikisoma kibao kama alivyosoma kila kitu, herufi kwa herufi, kisha kutoka mwisho kuja mwanzo. "Tumefika."

"Isije ikawa maana yake tumekaribia."

"Ingekuwa tumekaribia, pangekuwa na 'na'. Karibu na kilele. Hapa hakuna 'na', na kilele kimetiwa 'ni' ya mahali. Huku ni kukaribishwa. Mtu hakaribishwi asipofika."

"Mtu hukaribishwa mlangoni, Mama."

"Na akiwa mlangoni amefika."

Fundi hakubisha zaidi. Haki itendeke: goti lake halikuwa na hamu ya sarufi. Kama hapa ndipo kileleni, alikuwa ameshindwa kesi na kupata ruhusa ya kushuka, na kwa wakati ule hakuona hukumu iliyo njema kuliko hiyo.

"Umeshinda," akasema.

"Rudia."

"Umeshinda, Mama. Ubaki kwako. Sitalitaja tena."

Mama alimimina chai ya chupa katika vikombe viwili na kumpa cha kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mwanawe amalize shule. Akaanza kuzungumza, yeye asiyezoea kuzungumza. Angepaka jiko rangi. Angehamishia meza ya kusomea kwenye chumba cha mbele, kwa kuwa miaka yote hii alikuwa akijibana kana kwamba ni mpangaji anayengoja barua. Jirani wa mkabala alikuwa amemwomba amfundishe binti yake insha. Alikuwa amesitasita kumjibu, kwa sababu mtu hamwahidi jirani akiwa hajui ujirani utaisha lini. Sasa angemjibu.

Mawe madogo yakaporomoka kutoka ukunguni. Yalitoka upande wa juu. Yakafuatwa na mtu mwenye jembe begani.

"Shikamoo, mama. Poleni na mlima."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

Mtu yule aliliona swali kuwa gumu kuliko lilivyostahili. Yeye ni mtengeneza njia, akaeleza. Alikuwa kileleni akizibua mfereji. Kwao ilikuwa imebaki kama nusu saa, labda na zaidi. "Ndiyo maana nikaweka kibao hapa. Watu walikuwa wakifika hapa wanakata tamaa, wanarudi. Sasa wanajua ni karibu."

"Umekiandika wewe?"

"Mimi mwenyewe," akasema, akisogea pembeni ili kionekane vizuri.

"'Na' iko wapi?"

"Ubao ulikuwa mfupi, mama. Haikuingia."

"'Na' ni herufi mbili. Hii 'ni' uliyoitia mwishoni ni herufi mbili. Nafasi ni ileile."

Mtengeneza njia alitafakari. "Siyo ileile, mama. 'Ni' inajishika na mwenzake. 'Na' inataka uwazi huku na huku."

Mama akahesabu. Ilikuwa kweli: uwazi mmoja zaidi. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kushindwa na mpanga chapa yeyote katika suala la nafasi, na sasa ameshindwa na mtu wa jembe, ambaye tayari alikuwa akiwaaga na kushuka zake, akiwakumbusha kwa wema kwamba huko juu pana mnyororo na waushike vizuri.

"Tulishakubaliana," Fundi alisema kwa haraka. "Nimesema umeshinda. Yamekwisha."

"Mapatano yalisema kileleni."

"Kibao kimesema kileleni!"

"Kibao kimekosea."

"Mama, mimi nakupa! Nani mwingine anajali? Nakupa!"

"Huwezi. Mtu hapewi kosa la chapa kama zawadi." Alifunga chupa ya chai. "Simama twende."

Fundi alisimama. Alipiga hatua kumi na moja, akaketi, na safari hii hakusingizia mandhari.

"Ningoje hapo."

"Huendi peke yako. Mama! Huendi!"

"Zile ngazi zangu napanda na nani?" mama alisema, na ukungu ukamchukua kuanzia miguuni, kwa namna ambayo kisogo ndicho kilichomalizia kupotea.

Fundi alingoja saa moja na dakika kumi. Simu haikuwa na mtandao. Aliita, na sauti yake ikarudi ikiwa imelowa. Jambo la kuudhi, na alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuliona, ni kwamba kwa miezi mitatu alikuwa amejenga hoja kwa ushahidi na vielelezo kwamba mama yake hawezi, na sasa alikuwa ameketi juu ya mwamba akiomba kwa nguvu zake zote kwamba anaweza. Wahenga wamemtaja mchimba kisima anayeingia mwenyewe. Hawakusema lolote kuhusu mchimba kisima anayemtanguliza mama yake.

Aliporudi, mama alikuwa na matope kifuani na viganja vyekundu.

"Umefika?"

"Sikufika."

Mama alikung'uta matope kifuani. Maelezo hayakuwa na haraka.

"Upo mnyororo, kama alivyosema. Umetundikwa kwenye mwamba. Niliushika, nikapanda hatua nne. Nikaangalia chini, chini hakuna. Nikaogopa."

Kitenzi hicho Fundi hakuwahi kumsikia mama yake akikitumia katika nafsi ya kwanza. Alihisi kana kwamba amefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani.

"Na miguu?"

"Miguu haikuwa na neno."

"Basi! Tulisema miguu. Miguu haikushindwa!"

"Tulisema 'akifika'."

"Ungeniambia umefika. Ningejuaje?"

"Usingejua," mama alisema. Alifuta viganja kwenye sketi. "Haya, lete mkono."

Walishuka hivyo, mkono wa Fundi ukiwa juu ya bega la mama, na kila changarawe ilipoteleza mtu wa miaka sitini na tisa alimzuia mtu wa miaka arobaini asitangulie bondeni. Miti ikaanza kuonekana.

"Sitaki tena uhame," Fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeona. Umenipita."

"Kukupita wewe si kipimo. Ulikuwa umeketi."

"Nayafuta mapatano."

"Mapatano ya wawili hayafutwi na mmoja."

"Kwa hiyo utaihama nyumba yako kwa kiburi tu?"

"Nitaihama kwa sababu nilisema. Ningefika, ungenitaka nishike neno langu au la? Ningekushika wewe kwa lako." Pumzi yake ilikuwa imeanza kukatika, uzito wa Fundi haukuwa mdogo. "Miezi mitatu umenisema kama redio. Ulinitaka. Utanipata."

Fundi akaondoa mkono begani na kusimama kwa mguu mmoja. "Siendi mbele mpaka uliondoe neno lako."

Mama alimtazama. "Basi kaa," akasema, akashuka.

Alikwenda hatua kumi, kumi na tano. Njia ilikuwa bado ndefu, yote mizizi, na mtu asiyeweza kutembea ana uwezo mdogo sana wa kugoma.

"Mama."

"Nini?"

"Kile chumba utakichukia."

"Najua."

"Na mimi utanichosha."

"Hilo ndilo nililokuwa nikikuepusha nalo."

Alipanda tena zile hatua kumi na tano, polepole, kwa mwendo uleule, akauchukua mkono wa mwanawe na kuuvuta begani kwake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amegeuza uso pembeni, na Fundi, kwa mara ya kwanza siku ile, hakumuuliza anajisikiaje.

"Shika vizuri," mama alisema. "Mwezi umebaki siku tisa, na sijafunga hata boksi moja."