Nusu ya Betty

Damu ilianza kumtoka Hawah puani wakiwa kwenye benchi la kliniki, Arua, wakisubiri kuitwa. Akarudisha kichwa nyuma, kama alivyofanya mara tatu wiki ile nyumbani Koboko, akawa anaimeza. Mkwewe Mindra, mke wa mwanawe, alipapasa leso, akasimama, akaketi, akasimama tena.

Muuguzi alikuja mbio, akamwinamisha mama mbele, akamwonyesha Mindra pa kubana, pale pua inapolainika. Asiachie kwa dakika kumi. Mindra akabana huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Tangu aolewe kutoka kwao Dadamu hakuwahi kumgusa mama mkwe usoni, na sasa amemshika pua kama mtoto mwenye mafua.

Damu ilikatika, lakini moyo wa Mindra haukutulia. Alikuwa anajua jambo.

Kila mwezi Hawah alipewa vidonge thelathini vya presha. Akirudi sokoni Koboko alivigawa sawasawa na Betty, mama wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu meza ya pili kutoka yake. Wawili hao waligawana chumvi, sabuni, hata kivuli cha turubai. Betty alikuwa na presha, ila kadi yake ya kliniki ilipotea alipokimbia vita. Basi leo anameza huyu, kesho yule. Na Mindra ndiye aliyepeleka fungu la Betty, limefungwa ndani ya kipande cha kavera, mfuko wa plastiki.

Daktari Ocama alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akapima tena wa kulia. Akasema pua ina sababu zake nyingi, lakini presha ya namna hii hairuhusu damu kukatika upesi. Akauliza kama dawa inamezwa kila siku.

“Kila siku,” Hawah akasema. “Hata nikiwa sina chakula.”

Basi dawa imeshindwa, daktari akasema, na akaanza kuandika nyingine, kali zaidi.

Mindra aliitazama ile kalamu. Dawa hiyo nayo itagawanywa. Betty ataimeza bila kupimwa, na atakayempelekea ni yeye. Mbele ya mama mkwe hata kuomba maji alikuwa akiona haya.

“Anameza siku moja,” akasema akitazama sakafu. “Siku ingine anameza Betty.”

Kalamu ikasimama. Hawah akageuka polepole.

“Nilikuleta unishike mkono,” akasema, “si univue nguo mbele ya watu.”

Daktari alikata alichoandika. Akamrudishia dawa yake ileile, aimeze kila siku, yeye peke yake, na arudi kupimwa baada ya wiki mbili. Na huyo Betty aje, kadi au bila kadi.

Njia nzima Hawah alimpa mgongo. Mindra alikunja leso, akaikunjua, akahesabu maneno ambayo mumewe angeyasikia kwa mama yake kabla ya jua kuchwa.

Walipofika Koboko, Hawah hakwenda nyumbani. Alipita sokoni moja kwa moja, pakiti ya dawa ameibana kwapani, Mindra nyuma yake asijue afuate au akimbie. Betty alinyoosha kiganja, kama kila mwezi.

Hawah hakukijaza.

“Kesho unaenda Arua, dada,” akasema, akimvuta Mindra mbele. “Utaenda na huyu. Kumbe iko na mdomo.”