Siku Saba za Karani Valerian

Matanga yalianuliwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Masele alikuwa ameshafika kupima kwa hatua shamba la marehemu kaka yake, Valerian. Mvua zilikuwa zinanukia, na mwaka ule wa 1956, katika kijiji kile cha karibu na Shinyanga, shamba lisilolimwa hadi mvua ya kwanza mkuu wa kijiji alimpa mtu mwingine. Masele hakutaka awe mtu wa mbali.

"Shemeji, hamia kwangu," alimwambia Limi, mjane. "Jembe moja la mwanamke halimalizi ekari nne."

"Nina isalenge," Limi alijibu.

Isalenge kilikuwa chama cha wakulima: leo wote shambani kwa huyu, kesho kwa yule, ngoma mbele, majembe yakipanda na kushuka pamoja.

"Isalenge ilikuwa ya mumeo," Masele alisema. "Na daftari linasemaje?"

Hapo alimshika pabaya. Daftari la isalenge aliliweka Valerian mwenyewe, na Valerian hakuwa na mchezo na daftari. Mtu yule alizaliwa kabla Mjerumani hajafika Usukuma. Katika vita vya kwanza alikuwa mwanamaji wa Mwingereza kwenye Ziwa Nyanza, akichochea moto wa meli, na hesabu alijifunza kwa kuhesabu kuni. Hesabu hizo zilimkalisha miaka kumi na mitano kwenye kiti cha karani mgodini Geita. Alistaafu na vitu viwili: filimbi ya meli, ambayo isalenge iliitumia kuanzia kazi, na kalamu nyekundu. Kosa hakulifuta kamwe. Alilipiga mstari mmoja, likaendelea kusomeka, akaandika sahihi pembeni. Limi alizoea kumtania kwamba hata chumvi ikizidi mchuzini angeipigia mstari.

Mageni, kiongozi wa isalenge, alilifungua daftari mbele ya watu. Ukurasa wa Valerian ulikuwa na vijiti saba. Ni siku saba alizougua, akashindwa kwenda kulima kwa wenzake. Hakuna aliyemdai. Alijiandika mwenyewe. Na kanuni ya isalenge ilijulikana: mwenye deni la siku halimiwi.

Limi alimkasirikia marehemu waziwazi. Mzee huyu, hata kaburini anamtesa! Asingejisahau mara moja tu?

"Mama Scolastika, mzee alikuwa mgonjwa," Mageni alimwambia Limi kwa upole. "Tuzifute tu, yaishe."

Limi alivitazama vile vijiti. Mkono wa mumewe ulikuwa ukitetemeka alipoviandika, lakini alikuwa ameviandika.

"Daftari la mume wangu halifutwi," alisema. "Nitazilima."

Wanaume waliangua kicheko. Masele aliuliza lini mwanamke aliwahi kusimama kwenye mstari wa isalenge.

"Kanuni inasema siku," Mageni alimjibu. "Haisemi suruali."

Limi alilima. Siku ya kwanza alibaki nyuma, watu wakacheka. Siku ya tatu viganja vilichubuka, akavifunga vitambaa. Siku ya tano hakuna aliyecheka tena. Mawingu yalizidi kuwa meusi na Masele alizidi kuyatazama kwa upendo. Siku ya saba zamu ilikuwa ya Masele mwenyewe, maana naye alikuwa mwanachama, na kwa desturi mwenye shamba ndiye anayewanywesha wakulima. Alimpelekea shemeji yake kata ya togwa bila kumtazama usoni. Limi aliinywa yote, akaomba nyingine.

Jioni Mageni alimpa Limi kalamu nyekundu. Limi hakujua kusoma, lakini kupiga mstari alijua. Alipiga mmoja, ulionyooka, juu ya vijiti vyote saba.

Alfajiri alisikia filimbi ya meli. Isalenge nzima ilikuwa imejipanga shambani kwake, Masele miongoni mwao, kwa kuogopa kuandikwa deni la siku. Katikati ya mstari palikuwa na pengo, mahali aliposimama Valerian miaka yote. Limi alilia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha alifuta uso kwa kanga, akaingia pale na jembe lake.