Tindikali ya Makoye

Daktari wa meno alimpa Loveness njia mbili, mimi nikiwa kwenye benchi nyuma yake, kofia mapajani. Mjukuu wangu ana meno ya kahawia, yale yanayoletwa na maji ya visima vya huku kwetu Shinyanga. Ni mazima, yanavunja hata mfupa wa kuku, ila rangi yake ni ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Mwakani anaolewa, na wifi yake mtarajiwa ameshamwambia kwenye picha asicheke.

"Ya kwanza ni kupaka," alisema Daktari Philomena. "Nasafisha uso wa jino, nabandika kitu kigumu cha rangi ya jino. Hakuna kukata. Ila baada ya miaka kinaweza kumeguka, unarudi. Ya pili ni upasuaji. Tunang'oa haya manne ya mbele, ukipona wanatoboa mfupa wa taya, wanafunga skrubu, juu yake meno ya bandia. Kung'oa jino zima mimi sikushauri. Lakini mdomo ni wako."

"Nataka ya mara moja," Loveness akasema. "Ning'oe."

Akapewa wiki ya kufikiri.

Mimi damu ya mdomo naijua. Nilipokuwa Buseresere nikichoma matofali, mwenzetu Masalu aling'olewa gego asubuhi na mtu wa kubahatisha. Hadi jioni alikuwa anatema kwenye kopo, na kopo linajaa. Tulimzika kesho yake. Tangu hapo nikisikia kung'oa, naliona lile kopo.

Basi nikaenda Geita kumtafuta Makoye. Huyu ananunua dhahabu machimboni, tunajuana tangu nilipokuwa nabeba mawe huko. Dhahabu yake anaisafisha kwa tindikali.

"Makoye, hiyo dawa yako inaweza kung'arisha jino?"

Akacheka hadi akakohoa. "Mzee, kwa meno hayo matatu unataka kuoa tena?"

"Ni ya mjukuu."

"Inakula chuma hii. Jino litaibishia nini? Changanya na maji tu." Akanimiminia kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Mtu mzima mimi, nikaikumbatia chupa ile hadi nyumbani Ngokolo.

"Mke wangu," nilimwita Loveness, maana babu na mjukuu ndivyo tunavyotaniana, "hukatwi tena."

"Kibogoyo wangu umeniletea nini?"

"Dawa ya kung'arisha meno. Kesho najaribu mimi kwanza."

Asubuhi nikachovya pamba, nikagusa jino langu la mbele. Likatoa povu. Nikatazama kiooni: jeupe! Jeupe kama chokaa. Ndipo moto ulipoanza. Ufizi, mdomo, ncha ya ulimi, kama nimetia kaa la moto kinywani. Nikakimbilia bombani uani, nikafungulia maji.

Loveness akatoka na ndoo. Nilipoinua kichwa aliliona jino kabla hajayaona machozi.

"Guku! Imekubali!" Guku ndiyo babu kwa Kisukuma.

Nilitaka kusema usiguse. Ulimi ulikuwa umevimba, ikatoka sauti ya ndama. Akacheka, akadhani ni mzaha wangu, akatua ndoo na kuingia ndani. Chupa niliiacha mezani.

Nilipofika mezani haikuwepo. Mlango wa chumba chake ulikuwa umekomewa kwa ndani. Nikaupiga kwa ngumi.

"Subiri, mume wangu! Natoka na sura mpya."

Nikazunguka hadi dirishani. Kupitia kwenye wavu nikamwona mbele ya kioo, chupa mkono mmoja, mkono wa pili njiti ya kiberiti yenye pamba, midomo ameifunua. Nikaupiga wavu.

"Usinichungulie wewe!"

Nikafungua mdomo, nikaweka ukucha kwenye lile jino jeupe, nikakwangua. Unga ukatoka. Nikakwangua tena, ukatoka na damu. Nikaupaka kwenye wavu ili auone.

Pamba ilisimama, imebaki upana wa kidole kufika kwenye meno yake. Tone likadondoka kwenye kanga. Akainama kulitazama. Chupa nayo ikainama mkononi mwake, nami nikaogopa upya, asije akajimwagia chupa nzima. Akaitua polepole chini.

"Guku," akasema, "ungenipaka hii?"

Nikaitikia kwa kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa.

Siku ileile tulikwenda kwa daktari. Aliichukua chupa kwa vidole viwili, akanisafisha mdomo, akanisema kama mtoto. Kisha akamgeukia Loveness. "Na wewe, umeamua?"

"Nipake. Ikimeguka nitarudi. Haya yakitoka hayarudi."

Nikashusha pumzi. Sikumaliza kuishusha. Daktari alikuwa ameshika kibomba chenye uji wa bluu. "Kabla ya kupaka, naligusisha jino asidi kidogo ili dawa ishike."

Nikasimama. Loveness akafumba mdomo, macho yamemtoka.

"Ni hafifu," daktari alisema. "Nusu dakika tu, naiosha."

"Hakuna kupaka bila hiyo?" Loveness akauliza.

"Hakuna."

Akanitazama, na ningekuwa na nguvu ningembeba nikimbie naye.

"Kaa hapo nikuone," akaniambia. "Hesabu kwa sauti. Ikifika thelathini hajaosha, mng'ate."

"Kwa meno gani?" nikajibu na ule ulimi wangu mnene.

Hakucheka. Akafungua mdomo. Nikaanza: moja, mbili, tatu. Nimehesabu ng'ombe na matofali maisha yangu yote, sijawahi kuona namba zikikawia vile. Kwenye kumi na nane alikunja vidole vya miguu, nikaacha kuhesabu.

"Endelea, mzee," daktari akasema.

Ishirini na sita. Ishirini na saba. Maji yalipuliziwa nikiwa bado kwenye ishirini na nane. Nikainama juu yake kuliko nilivyoruhusiwa, nikalitazama jino. Limefifia kidogo, lakini zima.

"Hilo la kwanza," daktari akasema. "Bado matatu."