Tutaonana, Dada

Mjini walimwita Bwana Simama, ingawa kazi yake yote aliifanya ameketi. Alikuwa na kipindi redioni kila Alhamisi asubuhi, kiitwacho Simama Tena, na humo alizungumza na watu wa ajabu: watu waliopigwa na dunia wakaanguka chali, wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakaja studio kueleza. Alimhoji bwana aliyeangukiwa na ukuta akafungua kiwanda cha matofali. Alimhoji mama aliyezika waume wawili na sasa ana duka la majeneza lenye matawi. Alimhoji kijana aliyefeli mtihani uleule mpaka wasimamizi wakawa wanamsalimia kwa jina, na ambaye siku hizi anafundisha watu mbinu za kufaulu. Ilimradi una msiba, na msiba wako una faida, kiti kilikuwa chako.

Mazungumzo yalikuwa na mwendo wake, na fundi mitambo aliyekaa nyuma ya kioo aliujua kama njia ya kwenda kwao. Mgeni anasimulia balaa. Bwana Simama anashusha sauti, anavuta pumzi ili wasikilizaji nao wavute. Kisha anauliza, "Na nini kilikupa nguvu?" Mgeni anamtaja Mungu, au mama yake, au jirani mmoja aliyemcheka. Hapo Bwana Simama anapaza sauti, "Hongera sana!" na fundi mitambo anabonyeza kitufe cha makofi. Makofi yenyewe yalirekodiwa zamani kwenye harusi ya mtu, na ukitega sikio vizuri utasikia mtoto analia katikati.

Ubaya wa kukaa na watu wa ajabu kila wiki ni kwamba mtu hushiba. Bwana Simama alishiba mpaka akawa anacheua hamasa. Fundi mitambo akimwaga chai, anaambiwa chai haijamwagika, imehama tu. Mhasibu wa ofisi alipoachwa na mchumba wake, Bwana Simama alimpiga begani akamwambia, "Ukuta ukikuangukia, hesabu matofali." Mhasibu hakuhesabu tofali hata moja, alihamisha meza yake karibu na choo, mahali ambapo watu hawapiti bila sababu. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe alikuwa ameacha kulalamika hata akijigonga kidole, maana alijua atalipwa kisa cha mtu aliyekatika mguu mzima na bado anacheza mpira.

Basi Jumatatu moja dada yake akampigia simu.

Dada huyu alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye bado alikuwa na umri wa kuruka kamba. Akaacha kamba, akaacha na shule, akakaa kwenye cherehani, na mdogo wake akajifunza kusema chini ya meza ya cherehani hiyo, akishindana nayo kwa kelele. Hadithi hii Bwana Simama alikuwa ameisimulia hewani mara nyingi, na kila mara sauti ilimkatika palepale panapostahili kukatika. Kwa kweli alizungumza juu ya dada yake zaidi kuliko alivyozungumza naye.

"Nimetoka hospitali," dada akasema. "Jicho la kushoto limekwisha. La kulia daktari anasema linaelekea hukohuko, na dawa hakuna. Linaweza kuzimika siku yoyote."

Ulimi nao una mazoea yake. Ulimi wa Bwana Simama ulisikia balaa, ukatulia kidogo, ukavuta pumzi, ukasema, "Hongera sana, dada."

Dada akahamishia simu sikio la pili.

"Umesemaje?"

"Nimesema pole! Pole sana, dada. Simu hizi nazo, zinakata maneno."

"Haya." Dada hakuwa mtu wa kugombana na simu. "Njoo basi. Nataka kukuona."

"Na mimi nataka kukuona, tena sana. Ila wiki hii nimebanwa, nina mgeni aliyepigwa na radi. Usijali, dada. Tutaonana."

Hebu tulitazame neno hili. Kila mtu mjini alitaka kumwona Bwana Simama: huyu atangaziwe duka, yule asaidiwe barua ya kazi, mwingine apige naye picha tu akaringie wenzake. Ndivyo tunavyosema wote, nataka kukuona, na wala hatuna shida na sura ya mtu. Dada yake alikuwa na shida na sura. Alitaka amweke mbele yake mchana kweupe, amtazame kwa lile jicho lililobaki, toka utosini hadi kidevuni, apate cha kubaki nacho. Hakulifafanua hilo, alidhani limejieleza. Na yeye akajibiwa tutaonana, neno la mtu ambaye tayari ana mkono kwenye kitasa cha mlango.

Alhamisi ikapita na mtu wa radi, ambaye sasa anauza nyaya za umeme. Dada akapiga tena. "Vipi, unakuja nikuone?" Akaambiwa wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaonana. Bwana Simama alikuwa na kongamano la kuwainua waliokata tamaa, kwenye hoteli ambayo waliokata tamaa wasingeweza kulipia hata maji. Dada akapiga mara ya tatu, safari hii sauti ikiwa ndogo. Akaambiwa asikate tamaa.

Mambo yakaharibika yenyewe Jumatano. Mgeni wa kesho yake, bwana aliyeng'atwa na mamba akafungua duka la mikoba, alipiga simu kusema haji. Ameshikwa na mafua. Mafua ya kawaida tu, lakini yamemvunja moyo. Mkurugenzi wa redio akapiga kelele hadi miwani ikateleza puani.

"Kesho asubuhi nataka mtu kwenye kile kiti! Mtu yeyote aliyeumia!"

Bwana Simama akafikiri, na uso wake ukang'aa. "Dada yangu anapofuka," akasema.

Mkurugenzi akavua miwani. "Mshonaji? Yule wa cherehani?"

"Yeye mwenyewe."

"Mshonaji kipofu," mkurugenzi akanong'ona, kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba.

Dada alikubali bila kuombwa mara mbili. "Nitakuja," akasema, "maana huko ndiko unakosikiliza watu." Bwana Simama akacheka. Aliona ni maneno matamu ya kufungulia kipindi.

Alhamisi asubuhi dada akaletwa na binti yake, ameshikwa mkono, kavaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe enzi zile anaona. Bwana Simama alikuwa ameinamia kipaza sauti.

"Dada! Umependeza!"

Dada akageuza uso kwenye sauti, akaipita kidogo, akaitabasamia feni. Binti akafungua mdomo aseme neno. "Mjomba—"

"Baadaye, mwanangu, taa nyekundu inawaka. Kaa pale nje." Akamkalisha dada kwenye kiti cha wageni, akarudi upande wake wa meza, akamwona anatazama pembeni ya sikio lake. Akajua ni woga wa redio. Wageni wengi huwa nao.

Akawasimulia wasikilizaji habari za kamba na cherehani. Sauti ikakatika pale inapokatika siku zote. Kisha wakaingia kazini.

"Dada, turudishe siku ile daktari alipokwambia. Moyo wako ulifanya nini?"

"Uliogopa."

Bwana Simama akashusha sauti. "Uliogopa. Halafu?"

"Halafu ukaendelea kuogopa."

Akavuta pumzi. Kona ilikuwa karibu, aliijua kwa harufu. "Na nini kilikupa nguvu?"

"Nguvu ya nini?"

"Ya kusimama tena."

"Sijasimama," dada akasema. "Nikisimama najigonga. Nimeona bora nikae."

Fundi mitambo, kwa mazoea, akabonyeza kitufe. Harusi ikalipuka kwa makofi, mtoto akalia.

"Lakini bado unashona!" Bwana Simama alidakia, jasho limeanza kumtoka.

"Majuzi nimeshona gauni, mkono nikauweka kwenye shingo. Mteja ana adabu, akasema labda ni mtindo mpya."

"Mnasikia, wasikilizaji? Hata humo mna ubunifu!"

"Siyo ubunifu. Sioni."

Nyuma ya kioo mkurugenzi aliweka mkono sikioni kama ameshika simu: fungua laini, watu waingie. Zikafunguliwa, na watu wakaingia, maana Bwana Simama alikuwa amewafundisha vizuri. Wa kwanza akasema hongera dada, anamjua kipofu anayeendesha baiskeli. Wa pili akasema hongera sana, yeye ana jicho moja na amejenga. Wa tatu hakuwa na kisa chochote, alipiga tu kusema hongera kwa changamoto, na kumsalimia shangazi yake.

Dada aliwasikiliza wote, mikono mapajani.

"Wananipongeza nini?" akauliza.

Bwana Simama akaanza kupanga karatasi zake.

"Mimi sikuja kusimama," dada akasema taratibu, kwenye kipaza sauti, kwa watu wale wote. "Nilimwambia huyu nataka kumwona. Nikamwambia tena, na tena. Akasema tutaonana. Jumanne mchana nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, sindano ikapotea. Nikadhani imeanguka. Kumbe na mkono umepotea, na meza."

"Jumanne hii?" Bwana Simama akauliza, na hakuwa akiuliza kwa ajili ya kipindi.

"Hii hii."

"Kwa hiyo sasa hivi, hapa..."

"Naona weupe wa taa. Wewe ni sauti, kama kawaida."

Jumanne mchana Bwana Simama alikuwa hotelini, kwenye jukwaa, anawaambia watu waliolipia viti kwamba dada yake ndiye nuru ya maisha yake. Alikumbuka hata makofi. Aibu ikamshika, na hii haikuwa aibu yenye funzo ndani yake wala faida upande wa pili. Ilikuwa aibu basi. Alikuwa amekosa kumpa nusu saa ya kukaa mbele ya dirisha mtu aliyempa yeye kila kitu. Simu zilikuwa bado zinamulika. Fundi mitambo alikuwa na kidole juu ya kitufe. Bwana Simama akamwinulia kiganja: thubutu. Mkurugenzi akazungusha mkono hewani, sema, sema, redio haikai kimya.

"Uko?" dada akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali, mpumbavu wa watu. Kisha akajishtukia. "Nipo."

"Basi niambie ulivyo."

"Mimi ni mtangazaji na mhamasishaji wa—"

"Hiyo wanaijua hadi wauza nyanya. Nauliza sura. Mara ya mwisho nilikuacha na nywele."

Bwana Simama akajipapasa kichwa. "Za mbele zimeisha. Nimebaki na za pembeni. Nazichana kupitia juu."

"Zinaficha?"

"Hazifichi."

"Uso je?"

"Umejaa. Nina kidevu cha pili."

"Tangu lini?"

"Tangu kipindi kianze."

Dada akaguna, kama fundi anayechukua vipimo vya mtu asiyependa ukweli wa kiuno chake. "Ndevu?"

"Zina mvi. Napaka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Ila imetokea kama ya kutu."

Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Binti wa dada, huko nje, hakuziba chochote. Kicheko chake kilipenya mlango. Dada mwenyewe hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anapanga.

"Macho?"

Akayafuta kwa mkono. "Mekundu," akasema.

"Unalia?"

"Ndiyo."

"Kweli, au kile cha redioni?"

Zamani swali hilo lingemuudhi. Sasa ilibidi ajichunguze kwanza, mbele ya mji mzima. Sauti ilikuwa haijakatika pale ilipozoea. Makamasi ndiyo yaliyokuwa yakimtoka, na hakuna mtu aliyewahi kuyatoa makamasi kwa ajili ya wasikilizaji.

"Kweli," akasema.

"Haya. Nimekuona hapo." Dada akafumbua macho, akayafumba tena. "Endelea. Masikio ruka, hayo nayajua toka utotoni. Ni ya mapambo."

Mkurugenzi sasa alikuwa amesimama, anagonga kioo kwa pete ya kidoleni, anaonyesha saa, anaonyesha koo lake, anaonyesha mlango. Bwana Simama akazungusha kiti, akampa mgongo. Akakivuta karibu na dada mpaka magoti yakagusana, na akaanza kumweleza pua.