Wanaume wa Garnet 218

Chumba cha ramani hakikuwa na dirisha. Simu, mkoba, hata kalamu yako mwenyewe, vyote viliachwa kwenye kabati la chuma nje ya mlango. Uliingia na kikombe chako cha kahawa na kiapo ulichokitia sahihi: utakayoyaona humu, hutayatamka nje mpaka ramani za majimbo mapya ya uchaguzi zitangazwe.

Odessa Kimbrough alikuwa na wiki ya sita humo, na kazi yake ilikuwa ya wafungwa. Sensa iliwahesabu pale walipolala, gerezani, huko mashambani kaskazini. Sheria mpya ikataka warudishwe, kwa hesabu tu, kwenye mitaa walikotoka, ili watu wa kaskazini wasijipatie mjumbe kwa migongo ya watu wasioruhusiwa kupiga kura. Basi Odessa alichukua jina, akatafuta anwani, akampachika mtu kwenye mtaa wake. Ambaye anwani yake haionekani, huyo hubaki kwenye hesabu ya gereza.

Meza ya pili alikaa Marguerite, aliyekuwa akizigawa kura za chaguzi zilizopita, kituo kwa kituo, mtaa kwa mtaa.

"Kura zangu leo zina kichwa kigumu," Marguerite alilalamika. "Wafungwa wako je, hawakusumbui?"

"Wangu watakwenda wapi, dada?"

Marguerite akacheka mpaka akamwaga kahawa.

Jumatano ile, siku ya kufunga hesabu, kompyuta ilitema majina thelathini na manane kwa mkupuo. Yote yalikuwa na anwani moja, Mtaa wa Garnet, namba 218. Kompyuta ikasema hakuna nyumba kama hiyo.

Odessa akaitazama ile namba, mikono imelala mezani. Hakuna nyumba! Yeye alizaliwa humo, ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, palipokuwa na bomba linalolia kama paka. Jengo liliungua miaka minne nyuma na mji ukaifuta namba yake. Lakini mwanamume akiulizwa siku anafungwa, "Kwako ni wapi?", atataja pale alipolelewa.

Jina la kumi na mbili lilikuwa Cleon Pruitt. Kaka yake, toka nitoke.

Ofisi nzima ilimjua Odessa kama mtoto wa pekee, kutoka mji wa mbali. Alilisema hilo siku ya kwanza, watu wakila keki ya kumkaribisha, na tangu hapo akawa hana pa kulirudishia. Ukutani, juu ya saa, kanuni ilikuwa imebandikwa kwa herufi nene: ukimwona ndugu yako katika orodha, sema, kisha toka. Saa yenyewe ilionyesha saa nne na nusu. Saa sita mchana orodha inafungwa.

Akiinyamazia, wote thelathini na wanane watabaki kaskazini miaka kumi, na Garnet itapungukiwa nao. Akiwapachika kimyakimya, kompyuta huandika kila kidole kilichogusa. Alikaa. Akanywa kahawa iliyokwisha poa. Saa tano ikapita, naye amekaa vilevile, jasho likimtoka kwapani ndani ya chumba chenye baridi.

Saa tano na robo akainuka, akaenda kwa msimamizi.

"Bwana Loomis, hii namba 218 ipo. Iko kati ya 214 na 222."

Mzee Loomis akasogeza miwani. "Kati ya 214 na 222 kuna kiwanja kitupu, mama. Nipeleke watu thelathini na wanane wakalale kwenye majani?"

"Palikuwa na jengo. Liliungua."

"Nani kasema? Nipe karatasi ya serikali, siyo hadithi."

"Leseni yangu ya zamani ya kuendesha gari, ya kabla sijabadili jina. Iko kwenye mkoba, kabatini. Ina anwani hiyo."

Marguerite akaacha kuandika.

Leseni ililetwa. Mzee akaisoma polepole, akaigeuza, akasoma tena. Odessa Pruitt, Garnet 218, chumba namba tano. Kisha macho yake yakashuka kwenye orodha, yakasimama kwenye jina la kumi na mbili.

"Huyu ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Mume?" aliuliza Marguerite, hakusikia vizuri, au hakutaka kusikia.

"Kaka, dada. Ninaye kaka."

Mzee Loomis alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo shida yake. "Umefanya vyema kusema. Karatasi yako inatosha kwa wale thelathini na saba. Lakini huyu ni ndugu yako, siwezi kumhamisha kwa karatasi yako wewe. Lazima gereza lithibitishe kwa maandishi."

"Inachukua muda gani?"

"Siku tatu."

Wote wakaitazama saa. Ilikuwa imebaki nusu saa.

"Bwana Loomis, anatoka mlango mmoja na wale wengine. Ngazi moja!"

"Najua, binti yangu. Niachie kitambulisho chako cha kuingilia humu, utapangiwa chumba kingine."

Alasiri Marguerite alimfuata ukumbini na koti lake, akamwekea mabegani. Alipofika mlangoni akageuka. "Thelathini na saba wameingia Garnet. Nimeona mwenyewe." Jina la kumi na mbili hakuligusa.

Jumamosi Odessa aliendesha saa tatu kwenda kaskazini. Cleon alikaa upande wa pili wa kioo, amenyoa, anacheka kwa simu ya ukutani.

"Sista! Humu jamaa wanasema siku hizi tunahesabiwa makwetu. Nimewaambia, mimi mtu wa Garnet, hata kwenye makaratasi. Uongo?"

Kiapo cha chumba cha ramani kilikuwa bado na miezi mitano ya kuishi.

"Umekonda," Odessa alisema. "Wanakulisha nini?"

"Maharage. Nijibu basi, wewe si ndio kazi yako?"

Odessa akabadilisha simu kutoka sikio hili kwenda lile, na Cleon akangoja.