Protoni Iliyozidi Uzito Msasani

Tulia Ambilikile alirudi Tukuyu mwezi wa tatu, mvua hazikatiki, akiwa na kompyuta, madaftari manne na protoni nzito kupita kiasi.

Alikuwa anasomea udaktari wa fizikia Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kukokotoa uzito wa protoni, chembe iliyomo katikati ya kila atomu. Maabara zilishaupima zamani: mia tisa thelathini na nane, kwa vizio vya wanafizikia. Yeye alitakiwa kuufikia kwa hesabu tu, akianzia kwenye kwaki, vijichembe vitatu vilivyomo ndani ya protoni. Alikuwa anapata elfu moja mia nne ishirini na tisa. Siku kumi na moja mfululizo, jibu lile lile. Na Ijumaa saa nne asubuhi msimamizi wake angempigia kwa video kutaka maelezo.

Nyumbani kwao, mtaa wa Msasani hapo hapo Tukuyu, mafundi walikuwa wanabadilisha bati, nyundo toka asubuhi. Akahamia kwa jirani yao Mama Sophia, fundi wa kufuma sweta za shule kwa mashine, mwanamke ambaye kwa baridi ya Tukuyu hajawahi kukosa wateja.

"Shikamoo mama. Naomba kona ya meza."

"Marahaba, kaa. Ila usinimwagie wino kwenye nyuzi." Mama Sophia akachungulia daftari. "Hiyo protoni yako ina nini ndani?"

"Kwaki tatu. Ila zikiwa uchi, zote tatu hazifiki hata asilimia mbili ya uzito wake."

"Mengine yote?"

"Ni nguvu inayozishika, na purukushani zake humo ndani. Kuzifuata zote kwa kalamu haiwezekani. Kwa hiyo natumia nadharia ya mkato: naichukua kwaki ikiwa imeshavaa. Purukushani ile yote inakuwa nguo yake."

"Nguo inaizidi kwaki uzito?"

"Karibu mara mia."

Mama Sophia akasimamisha mashine, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Hao ndio wateja ninaowataka!"

Jumatano alipita Ackson, mkulima wa viazi wa Isongole, kuchukua sweta za wanawe. Alipoambiwa binti wa pale kwenye kona anatafuta uzito, alimhurumia.

"Dada, mzani ninao. Unafika kilo mia. Nikuletee?"

"Ndaga, asante kaka. Protoni ni ndogo mno."

"Basi pima gunia zima, halafu ugawanye."

Tulia akacheka, kisha akaliandika pembeni ya daftari. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga hata kidogo.

Alhamisi mchana aliendesha programu yake mara ya mwisho. Elfu moja mia nne ishirini na tisa. Akalaza kichwa juu ya meza.

"Lete hilo daftari," alisema Mama Sophia.

"Mama, hutaelewa."

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Lakini Mama Sophia alishavaa miwani.

"Nani kasema nataka kuelewa? Nataka kuangalia mistari. Mimi nanakili ruwaza kutwa nzima. Kitanzi kikiruka, nakiona."

Akafungua kurasa mbili mbili sambamba, kidole huku, kidole kule, akashuka mstari mmoja mmoja. Wateja wawili waliambiwa warudi kesho. Saa nzima ikapita. Kisha kidole kikasimama.

"Ukurasa huu, kabla ya hii nyoka ndefu, umeweka kijiti. Unaofuata, nyoka ipo, kijiti hakuna. Ulikiacha makusudi?"

Tulia akatazama. Nyoka ilikuwa hesabu ya pioni, chembe nyepesi ambazo protoni huzitema na kuzimeza tena, na kijiti kilikuwa alama ya kutoa. Pioni hupunguza uzito wa protoni. Yeye siku zote hizo alikuwa anaziongeza.

Akasahihisha kwenye kompyuta. Ikafikiri kidogo, ikaandika: mia tisa hamsini na moja.

Alipiga kelele kiasi kwamba fundi mmoja alishuka kwenye paa kuja kuuliza nani kaumia.

"Si ulisema thelathini na nane?" Mama Sophia hakuwa amefurahi. "Imezidi kumi na tatu."

"Mama, ni nadharia ya mkato! Kukaribia hivi ni ushindi."

"Mimi sweta ikizidi kitanzi kimoja, naifumua."

"Hii haifumuliwi!"

"Sawa. Ila usiwafiche kwamba imezidi."

Ijumaa saa nne, swali la kwanza la msimamizi lilikuwa kuhusu hizo kumi na tatu. Tulia hakuficha. Alieleza mahali alipokata hesabu, na hatua ambayo bado hajaikokotoa. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia hiyo ndiyo sura inayofuata ya tasnifu. Kisha akakunja uso.

"Hapo nyuma kuna nini kinachokwaruza hivyo?"

"Mashine ya kufuma. Ni ya huyu mama aliyeliona kosa langu."

Mashine ikanyamaza. Mama Sophia akarekebisha ushungi, akasogeza uso wake wote mbele ya kamera.

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi naitwa Rukaya. Huyu mtoto ana akili sana, lakini mwandiko wake wa ukurasa wa ishirini ni aibu. Mwambie aurudie."